Mnahama nchi na pasipoti mbili tofauti? Anzeni na yule asiye na kazi huko

Nina meza ya saiba karibu na Posta hapa Mombasa mjini. Kazi yangu ni kuprinti, kuskani na kuwajazia watu fomu za eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, na kwa vile Huduma Centre iko hapo hapo jengo la Posta basi wanaopita kwangu ni wengi, na siku hizi wengi wanakuja wawili wawili. Mmoja ana barua ya kazi kwenye simu, Ujerumani au Dubai au Uingereza, anaionyesha kama mtu anayeonyesha picha ya mwanawe, na mwenzake yuko kando kimya kashika bahasha ya vyeti. Swali lao la kwanza ni "viza ya mke wangu itachukua siku ngapi?" Mimi swali langu la kwanza namuuliza yule wa kando: wewe ukifika huko utakuwa nani? Yaani kwenye karatasi. Utaingia kwa viza ya aina gani, inakuruhusu kufanya kazi au haikuruhusu, na mwenzio akipoteza kazi au ndoa ikienda mrama, wewe unabaki au unarudishwa. Hapo huangaliana.

Basi mwongozo wangu unaanzia hapo. Aliyepata kazi kashajipanga, ana kontrakti, ana bosi anayemuandikia barua. Msichague nchi kwa kumtazama yeye. Mtazameni anayefuata, na kama mna ofa mbili mezani, moja ina mshahara mkubwa lakini mwenzio atakaa ndani kama mzigo, na nyengine mshahara mdogo lakini wote mnafanya kazi, mimi ntawaambia chukueni ya pili bila kuhesabu sana.

Huyu anayefuata anaingia kama nani

Tuanze na Ujerumani manake ndiko wanakouliza wengi, hasa tangu Ruto na Scholz, aliyekuwa kansela wao, wakutane Berlin Septemba 2024 na ule mkataba wa wafanyakazi ukatiwa sahihi. Mkataba ule haukumpa mtu viza mkononi, masharti ya kazi na lugha yako pale pale, ila watu walisikia walichotaka kusikia.

Kwa mke na mume sheria yao ina vituko. Chukua dada wa Kisauni aliyeolewa na Mjerumani, walikuwa wakiishi Mtwapa na sasa bwana anataka kurudi kwao. Dada huyu kwa kawaida lazima apite mtihani wa Kijerumani wa A1, kile kiwango cha mwanzo kabisa, kabla hajapewa viza. Chukua jirani yake hapo hapo Kisauni, kaolewa na Mtanzania wa Tanga, mtu wa kompyuta, amepata kazi Munich na anaingia na EU Blue Card, kibali cha wageni wenye ujuzi wa juu. Huyu wa pili haulizwi A1. Akifika anaruhusiwa kufanya kazi sawasawa na yule wa kwanza. Kwa ufupi mke wa mgeni anapitia mlango mpana kuliko mke wa mwenyeji, usiniulize kwa nini, hawakunishauri.

Kama ni wewe unayetakiwa A1, mtihani ni wa kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, na Goethe-Institut unapita kwa alama 60 kati ya 100. Goethe yenyewe iko Nairobi. Shule za Kijerumani za huku Pwani zipo na nyengine zinafundisha vizuri sana, lakini cheti cha kumaliza kozi si cheti cha mtihani, ukikipeleka ubalozini watakurudishia. Soma Mtwapa, mtihani kafanye panapotambulika.

Kuna njia nyengine ambayo mabwana wa Kizungu wenyewe wengi hawaijui. Mjerumani akiishi kwao Ujerumani, mkewe Mkenya anafuata sheria ya Kijerumani. Lakini Mjerumani huyo huyo akihamia Hispania au Ureno na mkewe, hapo mke anaingia kwa sheria ya EU ya watu wanaotembea ndani ya EU, ile direktivu ya mwaka 2004 nambari 38, ambayo viza ya mke ni bure na inatakiwa iharakishwe, mtihani wa lugha hakuna, na akifika anaomba kadi ya ukaazi ambayo kawaida ni ya miaka 5 na kazi anaruhusiwa. Bwana naye lazima awe na kazi huko au biashara au pesa za kuwatosha pamoja na bima ya afya, hapati kukaa tu. Kwa hivyo kama mumeo ni mstaafu mwenye pensheni au anafanya kazi ya onlaini inayoweza kuhama, muulizeni pamoja hilo swali: kwani lazima iwe kwenu?

Uingereza ni pesa. Tangu tarehe 11 Aprili 2024 Muingereza anayetaka kumleta mke au mume lazima aonyeshe mapato ya pauni 29,000 kwa mwaka, zamani ilikuwa 18,600. Na wengi wanakwama hapa: unapoomba ukiwa nje, mshahara wako wewe wa Mombasa hauhesabiwi, hata kama wewe ndio unayelisha nyumba. Unaohesabiwa ni wake yeye, yule Muingereza. Akiwa anaishi na wewe Nyali, hatoshi kuonyesha anacholipwa huku, anatakiwa pia awe na kazi ya uhakika Uingereza inayoanza ndani ya miezi mitatu tangu arudi. Bila mshahara wanakubali akiba, na kwa akiba tupu ni pauni 88,500 zikae kwenye akaunti miezi sita. Juu yake kuna mtihani wa Kiingereza wa A1, kuna kipimo cha TB ambacho kwa Kenya kinafanywa na IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, hapo Nairobi, na kuna ada ya afya ya pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza, inalipwa yote mara moja mnapoomba. Watu wanahesabu tiketi tu, hii ada ndiyo inayowavunja.

Na wale wa kazi ya kulea wazee Uingereza, naomba mnisikize vizuri. Tangu 11 Machi 2024 wanaoingia kwa kazi hiyo hawaruhusiwi kuleta mke, mume wala watoto, na tangu 22 Julai 2025 hata kuajiriwa moja kwa moja kutoka huku kumefungwa. Ajenti akikuambia mwaka huu ana nafasi ya kulea wazee na familia inafuata baada ya miezi mitatu, mchukulie kama mtu anayekuuzia kiwanja cha baharini.

Dubai na miji mingine ya UAE ni rahisi kuingia na rahisi kutoka. Mwenye kazi anamdhamini mwenzake, kima cha chini cha mshahara ni dirham 4,000 au 3,000 pamoja na nyumba, na cheti cha ndoa lazima kipigwe muhuri Wizara ya Mambo ya Nje Nairobi, halafu ubalozi wao Nairobi, halafu tena wizara yao ukifika, pamoja na tafsiri ya Kiarabu. Aliyedhaminiwa anaweza kufanya kazi, mwajiri wake anamchukulia kibali, hana haja ya kuhama udhamini wa mumewe. Lakini viza ya mdhamini ikikatwa, ya mdhaminiwa inafuata. Hakuna kukaa kwa haki yako mwenyewe. Ndio maana nawaambia mkienda Dubai yule anayefuata atafute kazi inayompa viza yake mwenyewe mapema, hata kama kwa mwezi mnapoteza kidogo.

Marekani sintaizungumza sana, mambo yake yanabadilika kila ukilala. Jambo moja tu: mke wa mwenye H-1B, viza ya kazi ya wataalamu, anaingia na H-4, viza ya mke au mume, na H-4 peke yake haikupi ruhusa ya kazi. Nimeona walimu na manesi kabisa wenye uzoefu wakienda kukaa ndani ya nyumba miaka kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Halafu lile swali ambalo hakuna anayetaka kuliuliza mbele ya mwenziwe. Ndoa ikivunjika je? Ujerumani, ukiwa umeishi na mwenzio huko kama mke na mume miaka mitatu, unapata haki ya kubaki kwa jina lako, na kama kuna mateso ya nyumbani wanaweza kukusikiliza kabla ya hiyo mitatu. Ulizeni hili nchi yoyote mnayokwenda, na ulizeni wawili pamoja, manake mume anayekataa mkewe ajue jibu hilo tushaelewa yuko vipi.

Majina, ndoa na talaka

Sasa bahasha ya vyeti. Mimi kabla sijaskani chochote namwaga vyeti vyote mezani nasoma jina moja moja. Kitambulisho kinasema Mwanaisha Omar Bakari. Pasipoti Mwana Isha Omari. Cheti cha ndoa, sheikh kaandika Mwanaesha binti Omar. Kwetu sisi huyu ni mtu mmoja na babake tunamjua, mtaa mzima unamjua. Kwa karani aliyekaa Berlin hawa ni wanawake watatu. Fanya hivi: amua pasipoti ndiyo mfalme, kila kitu kingine kirekebishwe kiifuate, na pasipoti yenyewe ikiwa ndiyo yenye makosa basi irekebishwe mwanzo kabla ya yote. Tofauti ya herufi moja saa zengine hati ya kiapo kwa wakili inatosha, lakini jina likiwa tofauti kabisa utahitaji hati ya kubadilisha jina iliyosajiliwa na kutangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali, na hiyo haimaliziki kwa wiki.

Cheti cha ndoa cha Kiislamu kiko sawa kisheria, Sheria ya Ndoa ya 2014 inaitambua ndoa ya Kiislamu kama zile nyengine, ila aliyeozesha lazima awe kadhi, sheikh au imamu aliyeruhusiwa na Msajili wa Ndoa, na ndoa iwe imesajiliwa. Karatasi ya msikiti peke yake haitoshi. Kama mlioana nyumbani kwa wazee, maulidi yakasomwa, pilau ikaliwa na karatasi haikuenda popote, nendeni ofisi ya kadhi sasa, msingoje siku ya apointimenti.

Talaka ni vile vile. Kama mmoja wenu alishawahi kuoa au kuolewa, balozi zitataka ushahidi wa kuwa ile ya kwanza imekwisha. Talaka ya kuandikwa kwenye karatasi ya daftari mbele ya mashahidi wawili, hata kama dini inaikubali, ubalozini haifui dafu. Inatakiwa iliyopita Mahakama ya Kadhi. Na ndugu zangu wenye wake wawili, sheria yetu inawaruhusu lakini Ujerumani na Uingereza zinapokea mmoja tu kama mke. Lizungumzeni nyumbani kabla ya kuja kwangu, tafadhali, kwenye saiba kuna watu wengine wanangoja kuprinti.

Wajerumani kwa vyeti vya Kenya hawatosheki na mihuri, ubalozi hutuma vyeti vikahakikiwe na wakili wao ambaye anakwenda mpaka ofisi iliyokitoa kuangalia kama kiko kwenye rejista, gharama ni yenu na ni mambo ya miezi. Kwa hivyo hilo ndilo la kuanza nalo. Cheti cha tabia njema cha DCI, idara ya upelelezi ya polisi, kinakuja mwisho, manake balozi nyingi zinakitaka kiwe kipya. Unalipa shilingi 1,050 kwenye eCitizen, unapewa ile fomu ya C24 ya alama za vidole, na fomu hiyo printi karatasi moja mbele na nyuma, wanaoleta karatasi mbili wanarudishwa kutoka Huduma Centre mpaka kwangu huku wamenuna. Cheti cha TB cha Uingereza nacho maisha yake ni miezi sita, usikimbilie kukipima kabla pesa na vyeti vyengine havijakaa sawa.

Kama mmoja wenu alifanya kazi Qatar au Saudia, inawezekana wakataka cheti cha polisi cha huko pia. Aliye huko sasa hivi akichukue kabla hajaondoka, ukishatoka kukipata ni shughuli nyengine.

Mume au mke ambaye si Mkenya naye ana swali lake: anaomba viza wapi? Kawaida unaomba nchi unayoishi kihalali. Mtanzania aliye Mombasa kwa mhuri wa kuingia wa miezi sita wa Afrika Mashariki anaweza kuambiwa arudi akaombe Dar es Salaam, wakati mkewe anaombea Nairobi, mafaili mawili miji miwili na kila moja linasema lake. Akiwa na kibali cha kuishi Kenya, hata cha utegemezi kwa mkewe, mnaweza kuomba pamoja. Hicho kibali kitafuteni mwanzo, watu wengi wameishi huku miaka wakivuka mpaka wa Lungalunga kugonga mhuri upya na hawana karatasi hata moja inayosema wanaishi hapa.

Na apointimenti za Nairobi, treni ya usiku ya SGR inakufikisha Syokimau alfajiri, daraja la kawaida shilingi 1,500, unaoga kwa jamaa unakwenda. Ya asubuhi usiitegemee kwa apointimenti ya siku hiyo hiyo.

Kazi mbili zisizofanana

Hapa ndipo ndoa zinapopimwa, si kwenye viza. Mmoja anahama na cheo chake, mwengine anaacha cheo uwanja wa ndege. Mke ni nesi, ameitwa Ujerumani, mume ni dereva wa watalii mwenye gari lake, anajulikana Diani mpaka Tsavo. Akifika leseni yake ya Kenya inamfaa miezi sita tu tangu awe mkaazi, baada ya hapo lazima afanye mtihani wao wa maandishi na wa barabarani. Mwanamume aliyeendesha Voi kwenda na kurudi usiku wa mvua anakaa darasani na watoto wa miaka kumi na minane. Inataka moyo. Bora ajue akiwa Likoni kuliko kujulia huko, na pesa za hiyo leseni ziwekwe kwenye bajeti tangu sasa kama vile zilivyowekwa za tiketi.

Nesi mwenyewe pia hafiki akavaa yunifomu ya nesi kamili siku ya kwanza. Cheti chake lazima kitambuliwe na jimbo anakokwenda na lugha mara nyingi wanataka B2, kiwango cha juu zaidi ya A1 kwa mbali, katikati hapo wengi wanafanya kazi kama wasaidizi kwa mshahara wa msaidizi. Mshahara huo na nyumba ya chumba kimoja huenda visitoshe kumleta mtu mara moja. Kwa hivyo wengi wanatanguliza mmoja. Mimi siipingi, ila wekeni tarehe ya mwisho ya kutengana na muiandike, na mkubaliane ikifika tarehe na viza bado haijatoka nani anamfuata nani. "Tutaona" si tarehe.

Mwenye kazi ya serikali au ya ualimu asikimbilie kuandika barua ya kuacha. Uliza kwanza likizo bila malipo na masharti yake, uliza kwa maandishi. Na usitoroke kazi, siku ukirudi kutaka barua ya uzoefu utawakuta wanakukumbuka. Wa hoteli wanaofanya kazi kwa msimu, chukueni barua ya kila msimu yenye tarehe na saini, mapengo ya Mei na Juni kwetu kila mtu anayaelewa ila kule wanaona mtu asiyeshika kazi.

Wa onlaini ndio wanaojiona wajanja. "Mimi nahama na laptopu yangu, bosi yuko Nairobi, hakuna kitakachobadilika." Kinabadilika. Ukikaa Ujerumani ukapiga kazi hapo, ile kazi inahesabika imefanywa Ujerumani, kodi na bima ni za kule, na bosi wako wa Nairobi huenda hataki kuingia kwenye mambo hayo kabisa, kwa hivyo muulize kabla. Kenya ina mkataba wa kuzuia kodi mara mbili na Ujerumani, na Uingereza pia, na UAE. Na Marekani haina. Huku nako KRA, watu wa kodi, haikusahau: ukiwa bado una nyumba ya kudumu Kenya, ukija hata kwa muda mfupi mwaka huo unaweza kuhesabiwa mkaazi. Hata kama huna mapato yoyote Kenya, PIN ikiwa bado iko na kodi ya mapato juu yake, ritani ya sufuri inaingizwa kabla ya tarehe 30 Juni, ukiacha ni faini 2,000 kila mwaka na zinajikusanya taratibu. Aliyechangia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na anahama moja kwa moja nje ya Afrika Mashariki, kuna malipo ya wanaohama, waulize wenyewe ofisini kabla ya kuondoka.

Mwenye biashara, duka la Kongowea au tuktuk tatu, andikisha hati ya uwakala kwa wakili, yenye jina la atakayesimamia na mipaka yake: anaweza kukusanya, anaweza kulipa, hawezi kuuza. Ndugu au si ndugu.

Pesa za anayefuata. Hapa huwa nasema wazi na wanaume wengine wananikasirikia. Anayefuata awe na akaunti yake mwenyewe na ndani yake iwe na nauli ya kurudi na pesa za kukaa angalau miezi mitatu, isiguswe kwa friji wala kwa deposti ya nyumba. Akiwa mume ndiye anayefuata, sheria ni hiyo hiyo, na kwake yeye pengine ni muhimu zaidi manake mwanamume wa Pwani anayemuomba mkewe pesa ya nauli ya basi atanyamaza mpaka siku atakayolipuka. Halafu kubalianeni mapema za kutuma nyumbani, kiasi gani kwa mamako na kiasi gani kwa mavyaa, kutoka mshahara upi. Msidhani mkiwa mbali michango itapungua. Kila harusi ya Majengo itawafikia kwenye WhatsApp na nambari ya paybill chini yake.

Uraia na kiwanja

Wengi wanaruka hapa kwa kuona ni mambo ya miaka ijayo. Kenya tangu Katiba ya 2010 inaruhusu Mkenya wa kuzaliwa awe na uraia wa pili, sharti ni kuutangaza kwa serikali ndani ya miezi mitatu tangu uupate. Ujerumani nayo tangu 27 Juni 2024 haikulazimishi kuacha wa kwanza. Kwa hivyo yule mke Mkenya wa Munich mbele ya safari anaweza kuwa Mjerumani na Mkenya vile vile. Mumewe wa Tanga hawezi, Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia mbili, akichukua wa Ujerumani wa kwao unakwenda. Na ukienda na ardhi inaingia mashakani, manake Tanzania kwa kawaida asiye raia hamiliki ardhi ila kwa njia ya uwekezaji. Huku Kenya asiye raia anapata kukodi kwa muda usiozidi miaka 99 na si zaidi. Shamba la Tanga la urithi na kiwanja cha Mtwapa cha mke, kaeni chini muone kila kimoja kiko kwa jina la nani na huyo nani atakuwa raia wa wapi miaka kumi ijayo.

Watoto wako afadhali, Katiba yetu inasema mtoto wa mama au baba Mkenya ni Mkenya hata akizaliwa Munich. Mtoto wa ndoa ya kwanza mnayetaka kuhama naye, ridhaa ya mzazi wa pili itafuteni kwa maandishi kabla hamjalipa chochote, na mkienda kuiomba nendeni na adabu, huyo mtu anaweza kuwakwamisha mwaka mzima na ana haki. Na mume mgeni anayetaka kuwa Mkenya, ndoa iwe imetimia miaka saba ndipo aombe.

Kabla ya kuondoka

Laini zenu za simu msiziache zife. Benki, M-Pesa, KRA na eCitizen zote zinatuma nambari za siri kwenye laini hiyo, ukikaa nayo bila kuitumia kampuni inaweza kumpa mtu mwengine na hapo kujirudishia akaunti zako ukiwa ng'ambo ni kazi ya kulia. Washeni roming, wekeni salio kidogo, pigeni simu mara kwa mara hata ya kusalimia tu.

Na hili nalisema ingawa linanigusa mimi na wenzangu wa kazi hii: akaunti za eCitizen na KRA za watu wengi zilifunguliwa saiba, na imeli iliyowekwa ni ya saiba, nenosiri analijua kijana wa saiba ambaye keshahama kazi. Fungua leo yako wewe na mwenzio, angalia imeli iliyomo ni ya nani, ibadilishe iwe yako, badilisha nenosiri, na usimuachie mtu yeyote. Hata mimi.